Watoto na Bundi wa Depo: Somo la Kuchora kwa Koperativu Zilizo Karibu na Shule



Katika toleo hili hatuzungumzi juu ya nafasi za mihogo wala juu ya kukausha mupunga. Tunazungumza juu ya kreyo na karatasi. Najua kuna papa mmoja atasema: agronome amemaliza masomo yake, sasa anachezesha watoto. Avumilie kidogo, maana jambo lenyewe lilianzia kwa depo ya mupunga, na lilitugharimu magunia.

Koperativu moja ninayoifuata hapa Kailo ilijenga depo ya matofali na mabati. Chini ya mabati, upande wa nyuma, bundi wawili walikaa. Ni wale wenye uso mweupe kama moyo, wasiojenga tundu la majani bali hulala tu juu ya boriti. Siku moja baada ya masomo watoto waliwashambulia kwa manati na mawe mpaka wakafa wote wawili. Wakubwa waliokuwa pale walipiga makofi. Mnajua sababu: kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Mimi mwenyewe nilifika kesho yake, nikaona manyoya chini, nikauliza, mtoto mmoja akanijibu kwa furaha: “Tulifukuza mulozi, papa agronome.”

Baada ya miezi miwili magazinye akaanza kukuta magunia yametobolewa. Sisemi panya wote wa depo ile waliletwa na kifo cha bundi wawili. Mlango wa depo ulikuwa na nafasi chini ambayo hata paka angepita, na hilo nililiandika kwenye ripoti mara mbili. Lakini mtu anayefuga mupunga ndani ya nyumba na kuua mnyama anayekula panya kila usiku, huyo anajipiga mwenyewe. Nilitaka watoto walijue jambo hilo, maana wao ndio wenye manati.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilichukua picha kubwa za wanyama nilizopewa mjini Kindu, nikazibandika kwenye tablo, nikaandika juu yake: USIUE. Watoto wakanakili vizuri sana, hata maneno. Mmoja alichora okapi mzuri kuliko wa kwenye picha, mistari ya miguu yote imekaa sawa. Nikamwuliza okapi ni nini. Akasema ni nyama ya ICCN. Alikuwa ameiona kwenye alama ya walinzi wa mbuga, akadhani ni mali ya ofisi, kama vile jogoo ni mali ya chama fulani. Na jioni ileile nikawakuta watatu wa darasa langu wanatega ndege kando ya mto. Walikuwa hawajavunja amri yoyote kwa akili yao: amri ilikuwa juu ya okapi, wao walikuwa wanatega ndege.

Hapo nikakumbuka jinsi sisi tulivyofundishwa wadudu kwenye institi. Profesa wetu alikataa fotokopi. Kila mtu akae mbele ya mdudu mmoja, achore, na asiondoke mpaka idadi ya miguu na sehemu za mwili iwe kweli. Tulimlalamikia sana. Lakini mpaka leo mdudu niliyemchora namtambua shambani kwa mbali, na yule niliyemsoma tu kwenye sylabi nimemsahau. Mkono unalazimisha jicho kurudi mara kumi mahali ambapo lingepita mara moja.

Basi tulibadilisha. Tuliacha picha za mjini, tukaenda shambani.

Mnyama wa kwanza alikuwa kinyonga, kwa sababu hakimbii. Tulimwacha juu ya tawi lake, hatukumshika. Watoto walikuwa kumi na wanne; wakizidi kumi na watano kelele inashinda. Dakika kumi za kwanza hakuna kreyo, ni macho tu, na mimi nauliza polepole: macho yake yanatazama pamoja au kila moja na njia yake? Mkia umefanya nini? Vidole vingapi? Walipochora mara ya kwanza, karibu wote walimpa mkono wa mtu, vidole vitano vimesambaa. Nikawaambia warudi watazame. Ndipo wakaona kwamba vidole vimefungwa mafungu mawili, viwili huku, vitatu kule, kama koleo la fundi, na ndiyo maana haanguki. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama mbali kwa woga, maana nyumbani walimwambia kinyonga akikugusa utakosa bahati, alisogea mwenyewe ili ahesabu. Hakuna aliyemwambia asogee. Tulikaa mpaka tukaona ulimi unatoka na panzi anaingia mdomoni, panzi wa aina ileile wanaokata majani ya maharage. Somo la dawa za wadudu lingenichukua saa nzima, na wasingekumbuka.

Chini ya kila mchoro mtoto anaandika vitu vichache: jina la mnyama kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kama analijua, alikutwa wapi, anakula nini, nani anamla. Jina la lugha ya nyumbani msiliache. Mara nyingi mtoto halijui, anakwenda kumwuliza babu, na babu hatoi jina tupu, anatoa na habari zake.

Sasa bundi. Huyo hakai mtu amchore mchana, na usiku watoto hawatoki. Lakini bundi anaacha maandishi. Anameza panya mzima, kisha mifupa na manyoya visivyoyeyuka tumboni anavitapika, vimeviringwa kama kipira cha rangi ya kijivu cheusi, urefu wa kidole gumba au zaidi. Mahali anapolala bundi mtavikuta chini, vingi. Kwenye kanisa moja la zamani tulipata karibu thelathini. Jihadharini: msivishike kwa mikono mitupu. Tuliviokota kwa vijiti, tukaviweka juu ya bati kwenye jua kali siku tatu, halafu ndani ya sufuria mbovu isiyopikiwa tena, juu ya moto mdogo, na kifuniko. Baadaye kila kundi la watoto wawili lilipewa kipira kimoja, jani la ndizi la kutandika, vijiti viwili vya mianzi vilivyochongwa, na mwisho wote wakanawa kwa sabuni, mimi nikiwa nimesimama kwenye ndoo.

Wakafungua. Fuvu la panya, na meno mawili ya mbele ya rangi ya machungwa. Taya. Mbavu nyembamba kama nyuzi. Kipira kimoja kilikuwa na mafuvu matatu. Watoto walipanga mifupa juu ya jani, wakaichora, wakahesabu vichwa, wakaandika idadi. Kijana mmoja, na nadhani alikuwa mmoja wa wale wa manati ingawa sikumwuliza, alitazama jumla kwenye tablo kwa muda, kisha akasema: “Hii yote ilikuwa inakula mupunga ya mama.” Sikuongeza neno. Kitu ambacho mtoto amehesabu mwenyewe, mwalimu hana haja ya kukihubiri.

Michoro ile tuliitundika siku ya mkutano mkuu wa koperativu, kwenye ukuta wa depo, kabla ya hesabu kusomwa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na ndipo ilipokuwa na faida. Mzee mmoja alikasirika, akasema tunafundisha watoto kuzoea ndege wa uchawi. Mama mmoja akamjibu kwamba mchawi anayekula panya wake aje hata kesho, atampa kiti. Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka, na sikutaka achekwe. Nilimwendea baadaye. Hatukukubaliana juu ya uchawi na sidhani tutakubaliana. Tulikubaliana tu kwamba bundi wa kwenye depo hayuko juu ya nyumba ya mtu, kwa hiyo akilia pale hamwiti mtu. Kwa kazi yangu inatosha.

Kutoka shambani watoto wenyewe walitaka kwenda porini, na hapo lazima mtu awe na habari za kweli. Teritware yetu iko pande mbili za Lualaba, na mto huo ni mpaka mkubwa. Upande wa mashariki kuna sokomutu. Bonobo wako ng'ambo ya magharibi tu, na duniani hawako porini katika nchi nyingine ila Kongo yetu. Watoto wa upande wa huku huwachora wote kama mnyama mmoja. Mkipata picha nzuri, waulizeni tofauti: bonobo ana midomo ya waridi, nywele za kichwani zimegawanyika katikati kama za mtu aliyechana, mwili mwembamba zaidi, mtoto wake huzaliwa na uso mweusi, wakati mtoto wa sokomutu uso wake ni mweupe-mweupe kwanza, na unakuwa mweusi baadaye. Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016 kati ya Maniema na Tshopo, ina bonobo, ina okapi, na ina lesula.

Habari ya lesula nawaomba muwasomee watoto, kwa sababu ndani yake kuna nyumba ya shule. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wanapima wanyama kati ya Lomami na Tshuapa walifika Opala, na kwa direkta wa shule ya msingi wakakuta kima mdogo amefungwa, aina ambayo hawakuwahi kuiona kwenye kitabu. Wakauliza jina. Wakaambiwa: lesula. Wawindaji walimjua siku zote. Wataalamu walichukua miaka mitano kuhakikisha, na mwezi wa 9 mwaka 2012 dunia yote ikasoma kwamba kima mpya amepatikana, Cercopithecus lomamiensis. Uso wake ni mrefu, hauna manyoya, macho kama ya mtu mwenye huzuni, na dume mkubwa ana matako ya bulu kabisa. Hapo watoto watacheka mpaka somo liharibike; waacheni wacheke, halafu wachore. Ninalopenda wasikie ni kwamba jina lililobaki ni lile la wenyeji. Watu wa porini walikuwa na elimu, ila hawakuwa wameiweka kwenye karatasi.

Jambo moja la afya kabla sijaendelea. Hakuna kuchora mnyama aliyekutwa amekufa porini, na hakuna mtoto kushika kima, panya wa porini, kindi wala popo, akiwa hai au amekufa. Maniema inaijua mpoksi, na virusi vyake vinakaa kwa wanyama kama hao. Popo tunawachora kwa mbali, jioni wanapotoka. Wana kazi yao pia: popo wakubwa wa matunda wanabeba mbegu mbali, pamoja na za mvule, mti ambao sisi sote tunaukata na wachache tunaupanda.

Sasa nasema kosa langu la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza.

Siku moja niliwaambia watoto wachore mnyama yeyote aliye karibu na nyumba yao. Mtoto mmoja alichora kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, wengi, ndani ya vitunga vilivyopangana, na pembeni mtu anabandika ulimbo kwenye matawi. Ulikuwa mchoro bora wa siku ile. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hiyo ilifungwa kwenye mkutano wa CITES wa Johannesburg mwaka 2016, mkutano uleule uliofunga biashara ya pangolini wa aina zote nane. Mimi niliona uzuri wa manyoya, nikautundika na michoro mingine, na jina la mtoto chini, kama ya wote. Mgeni mmoja aliyepita akauliza mbele ya watu: mtoto huyu ni wa nani, anakaa wapi?

Mtoto hakurudi kwenye somo. Baba yake hakuleta mupunga kwenye depo msimu ule, aliuza kwa mchuuzi wa barabarani kwa bei ya chini, na ndugu zake wawili wakafanya vivyo hivyo. Nilikwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara ya tatu alinipa kiti. Aliniambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni: “Ulituma mtoto wangu anipeleleze.” Sikuwa nimemtuma, lakini sikuwa na jibu, kwa sababu kilichotokea kilikuwa sawasawa na kama nilimtuma. Tulizungumza juu ya sheria, ile namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe, na juu ya deni la shule lililomwingiza kwenye ulimbo. Mwaka uliofuata alirudi koperativu. Mtoto anasoma vizuri, ila kuchora ameacha, ninavyosikia.

Kwa hiyo, ndugu walimu na komite: mchoro wa mtoto si PV. Msiandike jina kwenye mchoro unaoonekana na watu, andikeni namba na orodha ikae kwa mwalimu. Msimwulize mtoto mbele ya wengine nani anategaje nyumbani kwao. Mchoro unaoonyesha mtego au ngome ya ndege usitundikwe. Ukae ndani, na mtu mzima anayeheshimika aende kwa wazazi kuzungumza kama jirani. Mgeni wa mradi akitaka kupiga picha michoro, komite iangalie kwanza. Kama hamuwezi kuyafanya hayo, chorisheni kinyonga tu.

Wengine wananiambia hii ya kuchora ni mambo ya Wazungu. Nawakumbusha jirani zetu Warega wa Pangi. Katika bwami, wazee walifundisha kwa vitu vilivyochongwa kwa mti, mfupa na pembe ya ndovu: sura za watu, nyuso ndogo, wanyama. Kitu kinaletwa, kinaonyeshwa, methali yake inasemwa, mwanafunzi anatazama tena. Pangolini alikuwa na heshima ya pekee, wakisema yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, na ukitazama magamba yake yanavyolaliana utakubali. Hakuliwa kama nyama ya kawaida. Akipatikana, kulikuwa na taratibu. Serikali ya wakoloni iliikataza bwami mwaka 1948, na vitu vingi leo viko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mkiwa na mzee anayejua methali hizo, mleteni darasani akae mbele, mimi nitakaa nyuma.

Na kuna swali la pesa, ambalo wazazi wataliuliza siku ya kwanza. Kule Kivu ya Kusini, pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega, John Kahekwa, aliyekuwa mwongozi wa watalii, alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992. Waliokuwa majangili wakafundishwa kuchonga sanamu za sokwe za kuwauzia wageni, watoto wakapata shule, miche ya miti ikapandwa ili watu wasiingie mbugani kukata. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini sanamu inahitaji mgeni wa kununua, na vita vilipofika wageni walikimbia. Kailo haina watalii. Msiwaambie watoto kwamba michoro italeta pesa. Faida yetu iko ndani ya magunia: panya wachache, nyuki kwenye maua ya maboga, mbegu za msitu zinazopandwa bure.

Vifaa havigharimu kitu kikubwa. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, udongo wa barabara nyekundu, udongo mweupe mnaujua. Vyote hushikwa na uji mzito wa bunga ya muhogo uliopikwa, ukitumika siku ileile kwa maana kesho unanuka. Majani yaliyopondwa hutoa kijani lakini hufifia kwa wiki mbili. Bulu ya lesula tuliipata kwa bulu ya kufulia nguo, mama mmoja alitupa kipande. Karatasi ni mifuko ya simenti iliyokung'utwa vizuri nje, mwalimu akiwa amefunika pua na watoto wakiwa mbali, na migongo ya kalenda za mwaka jana. Raba ya kufuta msinunue: mtoto akikosea mistari, achore mwingine pembeni, na kosa libaki ili aone alikotoka.

Nafasi ya chini ya mlango wa depo sasa imezibwa kwa bati, na chini ya mabati ya nyuma komite imekubali kuacha uwazi wa upana wa mikono miwili pamoja na ubao wa kutua. Mzee niliyemtaja hakupiga kura. Tangu bundi wale wauawe sijaona mwingine pale. Lakini juma lililopita magazinye alinipigia simu kusema kuna kitu cha kijivu chini ya boriti, na watoto wamemkataza kufagia mpaka mimi nifike.